Sakafu ya Choo cha Bibi Imepanda, Pete Imebaki Chini

(Barua hizi kwa mshauri wetu Bi Rizwana, pamoja na jibu lake, zimechapishwa kwa ruhusa ya msichana aliyeziandika. Majina ya watu wa nyumbani kwake yamebadilishwa.)

Shikamoo Bi Rizwana,

Naandika jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si Joyce ninayekaa naye dawati moja, wala mwalimu wetu wa dini ambaye wanafunzi wengi humweleza mambo yao. Bibi yangu hanywi maji. Si kwamba hana kiu, na si kwamba maji hayapo, maana ndoo yake iko pembeni ya kitanda na mimi ndiye ninayeijaza kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Hanywi kwa kusudi, anajinyima, na mimi naijua sababu, na ameniomba nisiseme, na nimekaa nayo tangu kiangazi kilichopita mpaka sasa nikifungua kitabu nasoma ukurasa mzima halafu sijui nimesoma nini.

Nianze mwanzo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi na wazazi wangu Shelui, karibu na barabara kuu. Baba ni fundi mwashi. Mama anawauzia chakula madereva wa malori pale wanapoegesha, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi jioni. Bibi ninayemsema ni mama yake mama. Aliletwa kwetu kutoka kijijini Mkalama baada ya kuanguka na kuumia nyonga, kwa sababu mjomba Eliya, mtoto wake wa kiume, yuko machimboni na hana makazi ya kudumu. Kwa hiyo bibi anaishi nyumbani kwa mkwe wake, jambo ambalo anasema hakuwahi kuliota hata akiwa na homa.

Sijui kama huko mjini mnalichukulia hili kama sisi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawapeani mkono, bibi hamtaji baba kwa jina, na mambo ya choo ndiyo kabisa, hayatajwi wala hayaonwi. Mkwe asimwone mama mkwe akielekea huko, na mama mkwe asikutane na mkwe akitoka huko. Sasa choo chetu cha shimo kiko mwisho wa uwanja, na ili ufike lazima upite mbele ya banda ambalo baba hukaa na mafundi wenzake. Bibi anatembea kwa fimbo, polepole, na mkono mwingine umeshika kopo la maji, kwa hiyo kila aliyepo anajua anakokwenda. Akifika, kuchuchumaa hawezi mpaka nimshike.

Ndiyo maana akaamua kutokunywa. Nilimkuta akimwaga chai yake kwenye bakuli la kuku, nikamuuliza, akacheka, akaniambia, "Maji ni nauli, mke mwenzangu. Ukishaipokea lazima usafiri." Huwa ananiita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono, akasema jambo hili libaki kwake na kwangu, kwa sababu mama akijua atalia, na baba akijua atajiona amemkosea mkwe wake heshima ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikakubali. Tangu hapo naiona midomo yake ikipasuka, namwona akishika ukuta anapoinuka, na Jumapili moja kanisani aliyumba tuliposimama kuimba, watu wakasema ni uzee, nami nikaendelea kuimba.

Baba hajui habari ya maji, lakini ana macho, aliona bibi anavyotaabika. Akaamua mwenyewe kumjengea choo cha kukaa, katika chumba kidogo kilichoshikana na anapolala, mlango ukiwa humo humo ndani. Hakumwambia bibi, alimwambia mama, mama akamwambia bibi, na bibi akajibu kwa njia hiyo hiyo kwamba Mungu amwongezee. Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye kazi za watu, anakunywa uji amesimama, anaendelea na kazi ya bibi.

Hapa ndipo tatizo lilipo, na naomba univumilie nikieleza mambo ya ufundi. Choo cha kukaa hakiwekwi tu sakafuni. Kuna bomba la maji machafu linalotokeza sakafuni, na kwenye mdomo wake inafungwa pete pana ya plastiki. Choo kinakaa juu ya pete hiyo, kinabanwa kwa nati, na katikati kuna mpira wa kuzuia maji yasivuje. Tulipokwenda Singida mjini kununua choo, mimi na baba, mwenye duka, mzee Hemant, alitueleza vizuri huku akigonga kaunta kwa kidole. Alisema pete isikae juu ya sakafu ya simenti, ikae juu ya marumaru zilizokwisha kupigwa, kwa hiyo fundi apime kwanza sakafu itapanda kiasi gani. Akasema, "Choo kikae kwenye pete, kisikae kwenye matumaini." Baba akacheka, akasema anajua. Na kweli alipima, akaifunga pete akiiachia nafasi ya marumaru.

Halafu akabadili kazi kwa sababu ya huruma. Aliona sakafu ya choo imekuwa chini kuliko ya chumba cha bibi, kuna ukingo pale mlangoni, na bibi akijikwaa tena nyonga haitapona. Basi akamwaga tabaka jingine la simenti ili sakafu zilingane, ndipo akapiga marumaru juu yake. Sakafu ni nzuri, fimbo ya bibi inapita bila kugota popote. Lakini pete haikupanda pamoja na sakafu. Imezama, imekaa chini ya marumaru kama kifungo kilichozama kwenye godoro. Nililaza rula yangu ya shule juu ya marumaru, toka upande huu hadi ule, na kati ya rula na pete kidole changu kikapita na kubaki na nafasi ya kucheza.

Utaniuliza kama nilimwambia baba. Nilijaribu. Nilisimama mlangoni nikasema, "Baba, ile pete si iko chini?" Fundi mwenzake anayeitwa Enock akawahi kujibu kabla yake: "Injinia wa madaftari amefika. Haya, kitabu kinasemaje leo?" Wakacheka, baba naye akacheka, si kwa ubaya, akasema hiyo nafasi itajazwa simenti na silikoni, ile gundi ya kuzibia, vyoo vingi hapa vimeshikwa na simenti na hakuna aliyelalamika. Mimi nikichekwa mbele ya watu sauti inakauka. Nikaenda kuosha vyombo.

Baada ya hapo baba alikiweka choo mahali pake bila kukifunga, akamwambia mama ampeleke bibi akajaribu kukaa, kisha akatoka kabisa nyumbani ili asiwepo. Mimi nikamwingiza bibi, mama akabaki nje ya mlango. Choo kiliyumba. Bibi alinishika bega mpaka kucha zikaingia. Mama akauliza kama kinafaa, bibi akajibu kwa sauti ya kanisani, "Kinafaa sana. Mwambieni anayehusika Mungu ambariki." Anayehusika ndilo jina la baba kwa bibi. Nilipomnong'oneza kwamba kinayumba, akanifinya.

Na tangu bibi alipokikalia, baba haingii tena humo. Amesema sasa ni chumba cha mama mkwe, hawezi kuinama mahali alipoketi mama mkwe wake. Amekwenda kwenye jengo moja Ihanja, na akirudi mwisho wa mwezi Enock ndiye atakayeingia kumwaga simenti, baba atasimama nje akimwelekeza kwa maneno. Kwa hiyo anayeweza kulirekebisha kosa hawezi kuingia, anayekikalia hawezi kusema, na mimi ninayeingia na kuona sina sauti.

Ingekuwa ni choo cha mtu mwingine ningenyamaza. Lakini maji machafu yakipenya chini ya marumaru, harufu itamfuata bibi kitandani, na namjua bibi, hatasema kazi ya mkwe ni mbovu, atasema yeye ndiye anayenuka. Ataacha kunywa kabisa. Nikisema habari ya pete peke yake watanicheka tena. Nikitaka waelewe kwa nini isivuje hata tone, itabidi niseme habari ya maji, na niliahidi. Nimetafuta kwenye vitabu vyote nilivyo navyo, sikuona palipoandikwa mtoto afanye nini mtu mzima akimwomba amfichie kitu kama hiki. Naomba uniambie.

Msichana wa Shelui

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirudia, na kabla sijaijibu nilimpa kaka yangu Badrudin, aliyezeeka akiuza mabomba na viungo vyake hapa mjini, asome sehemu ya pete tu. Ya bibi nilimfichia. Alipofika pale palipoandikwa kwamba nafasi itajazwa simenti, alivua miwani akaiweka mezani, akaniuliza huyu mtoto ana umri gani. Nikamwambia. Akasema basi mwambie yuko sahihi.

Sasa nakupa pole, kisha nitakugombeza kidogo.

Pole kwa sababu wakubwa wote nyumbani kwenu wanapendana kwa adabu kubwa, na adabu yote hiyo imemwangukia mtoto mmoja. Baba ameinua sakafu kwa upendo. Bibi amesema kinafaa kwa upendo. Mama amebaki nje ya mlango kwa heshima. Wewe umebaki ndani na choo kinachoyumba.

Ninachokugombezea ni kwamba umefunga mambo mawili kwa kamba moja, kisha unalalamika mzigo haubebeki. Pete ni jambo la ufundi. Halihitaji siri ya bibi ili lithibitike, rula inatosha. Ingekuwa imezama vilevile hata kama anayekalia choo hicho ni kijana anayebeba magunia. Na usiseme baba alikukataa. Ulisema sentensi moja mlangoni, mcheshi mmoja akakutania, ukaenda kuosha vyombo. Mimi nikikataliwa kiasi hicho tu nachukulia mazungumzo ndiyo kwanza yameanza. Mtafute baba pasipokuwa na Enock, umwambie ulichokipima, uache kidole na rula viongee. Mzee aliyefanya kazi ya kumwaga sakafu upya ili mama mkwe asijikwae hatadharau neno la kumzuia asije akaaibika.

Jambo la maji ni jingine, na hapo sikubembelezi. Bibi alikuomba umlindie heshima, nawe ukakubali, na ulikuwa mtoto mwema. Lakini hukuahidi kumtazama akidhoofika. Mzee asiyekunywa maji hupata kizunguzungu, hupata maradhi ya mkojo, na akianguka mara nyingine hamtakuwa mnazungumza habari za marumaru. Mwambie mama. Mama peke yake, na umwambie leo, usingoje mwisho wa mwezi. Kiasi gani kimfikie baba yako, mama ataamua, yeye ndiye aliyekaa katikati ya hawa wawili miaka yote na anajua njia. Ampeleke bibi zahanati wampime. Na wakati choo hakijakamilika, chukueni kiti cha plastiki, mkate tundu katikati, muweke ndoo yenye mfuniko chini yake, mlango ufungwe, bibi asivuke uwanja.

Kisha umwambie bibi kwamba umesema. Usimwache agundue kwa kutazama macho ya mama yako. Atakasirika, na ana haki. Wewe usijitetee sana, na usimkimbie.

Nabaki na la baba kuingia chumbani. Mimi nimezaliwa na kukulia nyuma ya duka hapa Singida mjini, na kwetu mkwe anakula nasi meza moja na kugombana nasi meza hiyo hiyo, kwa hiyo sitawafundisha wenzangu namna ya kuheshimiana. Ninauliza tu: chumba hicho kilikabidhiwa lini? Fundi hukabidhi kazi iliyokwisha. Choo hakijafungwa hata nati moja. Muulize mama kama bibi anaweza kukirudisha chumba mikononi mwa fundi kwa njia mnayoikubali ninyi, kisha siku hiyo asiwepo nyumbani. Wenye desturi ndio wanaojua inafunguliwa wapi.

Kuhusu kazi yenyewe, Badrudin anasema hivi. Choo kiondolewe. Hakuna haja ya kubomoa marumaru. Zipo pete za kuongezea, zinauzwa kwa unene tofauti. Inawekwa juu ya ile iliyozama, silikoni katikati, na skrubu ndefu zishuke mpaka kwenye zege, si kwenye plastiki tu. Ya juu ikae juu ya marumaru, isiwe chini yake. Mpira wa kuzibia uwe mpya. Choo kikiyumba, kiwekewe vipande vyembamba vya plastiki chini, wasikaze nati kwa hasira, choo ni cha udongo, kitapasuka. Simenti wasiitumie kuziba, kwa sababu haishiki plastiki, inapata ufa, na siku mkitaka kukifungua choo mtakivunja. Kabla ya kupaka silikoni pembeni, mwageni ndoo kadhaa za maji kwa kishindo, mzungushie magazeti makavu, muyaache mpaka kesho yake. Yakiwa makavu ndipo mpake, na nyuma waache upenyo mdogo bila silikoni, ili siku ikivuja mwone mapema kuliko maji kujificha chini ya sakafu.

Na ukutani wafunge bomba la chuma la kushikia. Bibi asitegemee bega lako, kuna siku utakuwa shule.

Mama anarudi jioni. Anza na yeye, kisha uniandikie.

Bi Rizwana

*

Shikamoo tena Bi Rizwana,

Uliniambia nikuandikie. Nilifanya hivi.

Jibu lako lilifika kwa bahasha mama akiwa kazini. Sikusubiri jioni kwa sababu nilijijua, ningeahirisha. Nilimfuata pale anapouzia, nikamsaidia kuosha sahani mpaka madereva wakapungua, ndipo nikamwambia habari ya maji. Hakulia. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza tangu lini, nikamjibu. Akasema, "Na chai hiyo namimina mimi mwenyewe." Basi. Akafunika moto, chakula kilichobaki akamwachia jirani amalizie kuuza, tukarudi nyumbani.

Kabla mama hajaingia kwa bibi nilimwomba nitangulie. Nikamwambia bibi nimesema. Alinitazama kidogo tu, kisha akageukia ukutani. Mama alipoingia nilitoka, sijui walizungumza nini, walizungumza kwa Kinyiramba na kwa sauti ya chini. Siku iliyofuata walikwenda zahanati, bibi akakutwa na maradhi ya mkojo kama ulivyosema, akapewa dawa, na mhudumu akamwambia hata dawa hiyo haitafanya kazi bila maji. Kiti cha plastiki tulikikata sisi wenyewe.

Habari ya pete mama alianza kumweleza baba kwa simu, halafu ghafla akanipa simu mimi. Nilikuwa sijajiandaa. Baba akasema, "Nieleze." Nikaeleza rula ilivyolala na kidole kilivyopita. Akauliza ni kidole kipi. Nikamwambia cha shahada. Akasema, "Enock asiguse kitu mpaka nije."

Alikuja kabla ya mwisho wa mwezi, na pete ya kuongezea ndani ya mfuko, kwa kuwa nilikuwa nimemsomea kwa simu maelezo ya kaka yako. Habari ya maji sijui kama mama alimwambia, lakini siku aliyofika aliwahamisha mafundi wenzake kutoka kwenye banda, sasa wanakaa upande wa barabarani.

Mama alimuuliza bibi kama chumba kinaweza kurudi kwa fundi. Bibi alifikiri mpaka asubuhi. Akaniita, ingawa alikuwa hanisemeshi, akaniagiza nichukue kanga yake iliyokuwa kwenye msumari wa mlango, nifagie sakafu, nimwage maji mpaka kizingitini, halafu niseme kwa sauti kwamba humu hajakaa mtu. Nilisema. Sijui kama ni desturi ya zamani ya huko Mkalama au aliitunga asubuhi ile. Mama alimpeleka akae kwa jirani yetu, mama Selina, mpaka kazi iishe, na baba akasubiri mpaka fimbo ya bibi ikawa haisikiki tena ndipo akaingia.

Aliingia mwenyewe. Yeye na Enock waliondoa choo, baba akapiga magoti, akaniomba rula. Aliilaza kama nilivyoilaza mimi, akapitisha kidole chake, ambacho ni kinene kuliko changu, na chenyewe kikapita. Hakusema nilikuwa sahihi. Alimwambia Enock alete pete ya kuongezea, na Enock akaniambia, "Injinia, shika tochi, mimi siioni skrubu." Nikashika. Tuliweka mpira mpya. Tulimwaga ndoo za maji, tukazungushia magazeti, na kesho yake niliyashika yote kwa mkono, yalikuwa makavu. Bomba la kushikia liko ukutani, baba alilifunga mwisho, akalijaribu kwa kuning'inia hapo, kisha akatoka na vifaa vyake na hajaingia tena.

Bibi alirudi jioni ya siku hiyo ya pili. Alikaa, akashika bomba, choo hakikuyumba. Hakusema kinafaa na sikumuuliza.

Baadaye nilimpelekea maji kwenye kikombe. Alikunywa nusu, akanirudishia bila kunitazama. Nilikijaza tena, nikaketi pembeni yake, nikasubiri.

Msichana wa Shelui